Baiskeli ya Kutembea Tu

Jirani yangu, mwalimu wa jiografia, alimchorea fundi wa kuchomelea hapa Ifakara baiskeli aliyoiota miaka mingi: usukani kama pembe za beberu, keria mbele na nyuma. Fundi akaiunda; ni ya kuzungukia bonde. Jumamosi nilimsindikiza mwalimu kwa baiskeli yangu mbovu.

Kijijini Namawala, bibi mmoja akaitikia shikamoo yake, akamuuliza, "Unakwenda wapi?"

"Popote, bibi. Natembea tu."

"Kama huna unakokwenda, nipelekee mpunga huu mashineni ukakobolewe."

Akapeleka gunia zima. Kijiji kilichofuata mama mwingine akauliza vilevile. Mwalimu, sasa mjanja, akashusha sauti: "Msibani."

Mama akajitanda kanga, akakaa kwenye keria. "Twende. Mtu hazikwi na mmoja."

Hadi naandika haya, mwalimu bado anatafuta marehemu.