Mlango wa Ng'ombe

Ngassa hakuwa mtu wa kukaa. Akisikia tu kwamba mahali fulani dhahabu imetoka, kwamba kuna rashi mpya na watu wanamiminika, basi usingizi umemruka, chai inampoa mkononi, na kabla ya wiki kwisha mkewe Hosiana anafunga tena masufuria ndani ya shuka. Mara nane walihama. Mtembezi hula miguu yake, mama yake alimwambia. Lakini huyu alikula ya kwake na ya mkewe pia.

Na kila walikofika, hata kama nyumba yenyewe ni turubai juu ya miti minne, kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanda ua wa minyaa. Kwao Ushetu mji usio na ua si mji. Alikata vipande, akavichomeka ardhini kuuzunguka mji, akageuza uso ili ule utomvu mweupe usimwingie machoni. Kisha akaacha mlango mpana wa kutosha ng'ombe wawili wakipita sambamba. Ng'ombe gani, jamani? Hakuwa na hata kuku. Mbwa walipita hapo, upepo ukapita, walevi nao wakapafanya njia. Hosiana alilalamika mpaka akachoka. "Ng'ombe watakuja," Ngassa alimjibu. "Sasa wapite dirishani?"

Upande wa Rwamgasa, kwenye kitongoji cha wachimbaji, ndiko mtoto wao wa kwanza alikofia. Vumilia, miaka miwili na nusu. Malaria ilimshika Jumatatu, na Alhamisi wakamzika ndani ya ua, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara na hakukuwa na namna ya kumfikisha kwao. Hosiana aliweka kichwani pa kaburi nusu ya jiwe lake la kusagia lililopasuka. "Tutarudi kumchukua," Ngassa alisema. Miezi minne baadaye ilisikika rashi ya Chunya, wakaondoka. Hawakurudi. Hosiana hakumsamehe kwa hilo, na yeye mwenyewe pia hakujisamehe.

Miaka kumi na minane ikapita. Mwaka jana Ngassa alirudishwa Ushetu akiwa na kifua kilichojaa vumbi la maduara, yale mashimo aliyoshinda ndani yake maisha yake yote. Kabla hajakata roho alimshika mkewe mkono. "Mniletee mtoto," akasema. Hakusema lingine la maana baada ya hapo.

Kwa hiyo Euphrasia, jirani yao wa zamani, alipompigia simu kwamba barabara mpya itapita juu ya kitongoji, na kwamba makaburi yatahamishwa lakini lazima mwenyewe aje aonyeshe kwa mkono wake, Hosiana alipanda basi la kwanza kutoka Kahama. Alitulia kama maji ya mtungini. Ua wake angeukosaje? Alipoondoka pale, kitongoji kizima kilikuwa na ua mmoja tu wa minyaa. Wake.

Aliteremka, akatazama huku na huku.

Kitongoji chote kilikuwa minyaa. Kushoto minyaa, kulia minyaa, hadi kule kwenye makarasha yanakosagwa mawe, minyaa imesimama mirefu kupita mapaa ya nyumba. Vile vibanda vya turubai alivyovijua havikuwepo tena, na njia zote zilikuwa zimegeuka.

"Mama Vumilia!"

Alikuwa Euphrasia, amenenepa, anakimbia huku ameshika khanga. Hosiana alishtuka. Ushetu wanamwita Mama Luka, kwa jina la mwanawe aliye hai. Jina hili lingine hakuwa amelisikia kwa miaka kumi na minane, na machozi yalimtoka hata kabla hawajakumbatiana.

"Hizi nyua zote zimetoka wapi?" akauliza.

"Zimetoka kwako! Umesahau? Wewe ndiye uliyenipa vipande vyangu siku mnaondoka. Mimi nikampa Mhaya wa pale, kaweka na migomba ndani. Mhaya akampa Mkurya, Mkurya akamuuzia Mchaga, huyo kafunga geti la bati. Sisi Waha kwetu tuna ua wetu, lakini hapa nani angehangaika? Huu unaota hata ukiuchomeka kichwa chini."

Wema hauozi, wanasema. Wema wa Hosiana haukuoza kweli. Ulikuwa umeota pande zote nne na kumficha mwanawe.

Afisa wa kuorodhesha makaburi aliitwa Boaz, kijana mwenye adabu na kishikwambi mkononi. "Shikamoo, Mama. Nina hadi saa kumi leo. Baada ya hapo sehemu hii inafungwa, na katapila linaanza Jumatatu. Nionyeshe tu."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo."

Akaanza, Euphrasia ubavuni mwake; naye alikuwa amehamia upande wa pili zamani, hakupakumbuka tena penyewe. Ua wa kwanza, aliapa ndio huu. Ndani akakuta banda la nguruwe. Ua wa pili ulikuwa na choo, na mwenye choo akaja juu: "Kaburi chooni kwangu? Unataka kuniletea mikosi?" Saa nane ikapita. Akaingia wa tatu, wa sita, wa tisa. Aliinama kila palipovimba, akachimba kwa vidole, akapata kopo, akapata kandambili. Boaz alimfuata, kila mara akitazama saa, na Hosiana alimwona. Saa tisa na nusu aliketi chini katikati ya njia, vumbi hadi magotini, akaanza kumgombeza mtu aliyekufa.

"Ngassa! Umenihangaisha ukiwa hai, na sasa unanihangaisha ukiwa kaburini! Tutarudi, tutarudi, ulirudi lini wewe? Mtu wa kufukuza dhahabu hata ya kutosha hereni hujanipa! Ua unapanda wewe, mimi nakimbizana na mbwa, kwa kuwa bwana mkubwa ameacha mlango mpana kama wa zizi la mtemi, na ng'ombe hata mm—"

Akageuza macho kwenye mlango mwembamba wa ua uliokuwa mbele yake.

"Mama?" Boaz akainama. "Unajisikia vibaya?"

"Milango," Hosiana alisema. "Euphrasia, wewe mlango wako una upana gani?"

"Wa mtu. Na ndoo kichwani. Kwa nini?"

"Na wa Mhaya? Wa Mkurya?"

"Hivyo hivyo. Nani ataacha..." Euphrasia naye akashika kichwa. "Yesu wangu! Kwa fundi!"

Walikimbia, wanawake wazima wawili, na Boaz na kishikwambi chake nyuma. Nyuma ya duka la soda minyaa ilikuwa imezeeka ikawa miti, mashina manene kama paja, na katikati yake pengo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliziba, kwa kuwa pikipiki zilipita hapo vizuri, mbili mbili. Ndani ilikuwa gereji. Udongo ulikuwa mweusi kwa oili. Fundi mwenyewe, Nasibu, alikuwa ameketi akisafisha mnyororo.

Alikuwa ameketi juu ya nusu ya jiwe la kusagia.

Hosiana hakulia kwa sauti. Alimwonyesha tu kwa kidole, na Euphrasia ndiye aliyeeleza. Nasibu aliruka kana kwamba jiwe limemchoma, akavua kofia.

"Astaghfirullah! Mama, nisamehe. Sikujua. Miaka sita nakaa hapa, wallahi sikujua."

"Miaka sita?" Hosiana aliuliza. "Kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Ijumaa mchana."

Hosiana alipiga magoti, akapapasa lile jiwe mahali pale mikono yake ilipolila zamani kwa kusaga. Katika ukoo wao mzima hakuna aliyewahi kukaa karibu na kaburi la mtoto huyu hata mwaka mmoja. "Basi hakuwa peke yake," alisema. "Wabeja, baba. Ahsante." Na Boaz, zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, aliandika jina: Vumilia Ngassa.

Siku ya tatu bwana afya alimkabidhi kisanduku kidogo kilichofungwa kitambaa cheupe. Euphrasia, ambaye naye barabara ilikuwa inamhamisha, alikata vipande vya minyaa mafungu mawili, moja la kwake na moja la Ushetu.

Kule Ushetu walimlaza Vumilia ubavuni mwa baba yake. Shemeji Marselino alichomeka vipande kuyazunguka makaburi, na alipofika upande wa njia akasimama. "Hapa niache mlango wa mtu?"

"Wa ng'ombe," Hosiana alisema.

"Shemeji, haya ni makaburi. Ng'ombe gani?"

"Acha hivyo hivyo, Marselino."

Kisha akainama, akaupiga udongo wa kaburi kubwa kwa kiganja, kwa nguvu, kama alivyozoea kumpiga mwenyewe begani akianza kuulizia basi.

"Haya, tulia sasa, Ngassa," alisema. "Mtoto amefika."