Picha Iliyopandisha Mahari

Vita vya nchi jirani viligharimu familia yetu ng'ombe kumi na wawili na mbuzi wanne. Nimewahesabu mara mbili, na hawapungui.

Mdogo wangu ni mwanajeshi. Kenya ilipopeleka majeshi Somalia kuwasaidia wenyeji kupigana, naye alikuwa ndani. Mchumba wake akabaki kwa wazazi wake Nairobi, mtaa wa Kibera, sehemu inayoitwa kijiji cha Raila. Likizo ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, ndipo akanipigia simu.

"Bro, enda tu bila mimi. Uliuza kiatu cha mguu mmoja, mahari itakushinda?"

Kweli mimi huuza viatu vya mitumba Kawangware, na kiatu kimoja niliwahi kukiuza. Mnunuzi alikuwa na mbwa aliyemtafunia kiatu cha mguu huo.

Kwa kuwa bwana harusi hangekuwepo, nilimwomba picha ya kubeba. Akatuma mbili. Moja amevaa shati la mistari, anatabasamu kama karani. Nyingine amevaa kofia ya chuma, ameegemea gari la kivita. Nikachapisha hiyo ya pili, kubwa, nikaitia fremu. Mimi hupaka kiatu rangi kabla ya kutaja bei, ni mazoea. Nilisahau kwamba siku hiyo mimi ndiye mnunuzi.

Nilienda na shangazi. Picha ikapita mkono kwa mkono, ikakaa sana kwa baba mdogo wa msichana, fundi wa viti, aliyekuwa msemaji wao.

"Kumbe huyu analipwa dola."

"Shilingi, mzee. Anayemlipa ni serikali ile ile inayokulipa wewe."

"Mimi hainilipi."

"Basi unaona."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Tulikuwa tumesikia wataomba ng'ombe sita, wa kupelekwa kwao mashambani. Akataja kumi na wawili.

"Kwani amekuwa jenerali?" nikamuuliza. "Analinda barabara, anasindikiza malori ya maji. Wenye vita ni wengine, sisi tumeenda kuwashikia mkia."

"Na ukishika mkia wa ng'ombe aliyekasirika, teke linampata nani?"

Nikasema saba. Akatazama paa. Nikasimama kama mtu anayeondoka, mbinu ambayo sokoni haijawahi kuniangusha. Hakuna aliyenizuia. Shangazi alinivuta koti, lakini nilikuwa nimechelewa: kwa watu wale, mgeni akisimama kabla ya chai ni faini. Hapo ndipo walipoingia mbuzi wanne.

Mama wa msichana, aliyekuwa akimimina hiyo chai, akaweka birika chini.

"Kaa, baba. Ng'ombe sita ni wa msichana. Hao sita wengine ni wa kungoja."

"Kungoja nini, mama?"

"Simu ya kijana ikiita, binti yangu anatoka nje kuipokea ili tusimwone uso. Sasa aolewe, halafu kesho tuletewe bendera iliyokunjwa badala ya mume. Atarudi hapa kwangu, labda na mtoto. Mimi nauza sukuma wiki. Nitawalea na nini?"

Nyuma ya pazia, alipokuwa msichana mwenyewe, kikombe kiligonga sahani kikanyamaza.

Nimebishana bei na watu wa kila aina, hata na mchungaji. Kwa huyo mama nilikunywa chai kwanza.

"Kumi na wawili ni sawa," nikasema. "Lakini kijana akirudi mzima, wale sita wa kungoja wanarudi kwetu."

Akafikiri. "Warudi. Ndama wabaki."

Baba mdogo akapiga goti lake, akacheka mara ya kwanza siku hiyo. Tukapeana mikono.

Sasa Jumapili mdogo wangu atapiga simu, na ninamjua, salamu zitakuwa fupi. Nikimtajia kumi na wawili, atauliza bei ilifikaje huko. Nikimweleza, atatembea na ile bendera kichwani kwenye barabara anayoilinda, na barabara hiyo inataka macho yote mawili. Nyinyi mliowahi kuwa na mtu wenu kule, nishaurini: nimwambie baba mdogo ana tamaa, au nimwambie ukweli kwamba anangojwa?