Faini ya Ma Tezia

"Silipi! Hata senti moja silipi!" Ma Tezia alifoka, kidole kikikaribia kumtoboa hakimu pua. "Eti nimempa Mfalme mgongo! Nani kampa Mfalme mgongo? Nimewapa mgongo watalii wake!"

Hakimu wetu siku za kawaida ni kinyozi, na Mfalme wetu, Hyacinth, huuza saruji. Lakini joho likishavaliwa ndani ya ukumbi wa Chama cha Waridi, hakuna kinyozi wala saruji. Kila Jumamosi tunaimba, tunashitakiana kwa mzaha na kutozana faini: asiyeinama mbele ya kiti cha enzi, senti hamsini, anayesinzia, senti hamsini. Mimi ndiye polisi, nina kofia na filimbi. Walipokitawala kisiwa chetu, Mfaransa alituachia maneno ya nyimbo, Mwingereza akatuachia mahakama, kila mmoja akaondoka akidhani ametumaliza. Tukavichukua vyote viwili, tukavifanya mchezo wetu.

Ni mchezo, lakini una sheria. Mwenye deni la faini haimbi mpaka alipe, hata siku ya sikukuu ya Waridi, mwisho wa Agosti. Na anayeanzisha nyimbo zetu, tangu mama yake alipofariki, ni Ma Tezia. Sisi wengine kazi yetu kuitikia.

"Dada Tezia, toa tu," nikamnong'oneza. "Senti hamsini ni kitu gani?"

"Kama si kitu, mbona mnakitaka?"

Ndivyo alivyo. Utotoni mwalimu alimpigisha magoti juani kwa kuongea Kikreoli, lugha yetu ya nyumbani, darasani. Akapiga magoti, akaimba kwa Kikreoli hicho hicho, na darasa zima likamwitikia kutoka madirishani. Mumewe alipomwambia achague kati yake na nyimbo, alimfungia mikate ya muhogo ya safari. Kwa kuuza mikate kama hiyo aliwalea wanawe watatu, na mpaka leo hakuna anayethubutu kumwomba apunguze bei.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa hiki. Hyacinth alipatana na Fontenel, mtembeza watalii, kwamba watu washushwe melini Jumapili mchana, tuwafanyie onyesho la nusu saa, tena wasitozwe faini, wasije wakanuna. Sisi hatukuulizwa. Jumamosi alipotutangazia, Ma Tezia akageuka akampa mgongo, naye akashitakiwa.

Jumapili wakaja na soda zao mkononi. Ma Tezia alikaa nyuma kabisa, kilemba kichwani, mdomo umefungwa. Aliyeshika nafasi yake akaanzisha wimbo, sauti ikamkwama kama mwiba wa samaki. Kisha mama mmoja mtalii, mnene, mchangamfu, akaenda mpaka mbele ya kiti cha enzi, hakuinama, akampa Mfalme mgongo na kutabasamu ili apigwe picha.

Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Nikamtazama Mfalme. Mfalme akatazama sakafu.

"Wewe polisi!" Ma Tezia akanguruma. "Filimbi ni ya kunyonya? Piga!"

Nikapiga, watu wakaruka.

Fontenel akaja mbio. "Mama, hawa ni wageni! Wamelipa!"

"Mwanangu, humu ndani hakuna mgeni. Kuna aliyeinama na asiyeinama. Mgongo wangu umeshitakiwa, nimefungwa mdomo. Mgongo wa huyu ni wa dhahabu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yule mama akauliza kuna nini, akaelezwa. Nilidhani atanuna, akainama mpaka kofia ikaanguka, akaanza kutafuta sarafu mkobani. "Na mume wangu je?" akauliza, akimsonta. "Hata yeye hakuinama!"

Basi hofu yote ile ilikuwa ya bure. Hyacinth akaliona hilo, akasimama.

"Deni la Tezia nimelisamehe," akatangaza.

"Sikukosa. Unanisamehe nini?"

Mfalme akavua taji, akashuka kutoka kwenye kiti, jambo ambalo katika chama chetu halifanyiki, akaenda mpaka kwenye sahani ya faini.

"Basi aliyekosa ni mimi," akasema. "Mgongo niliwapa nyinyi." Akaiangusha senti hamsini yake, ikalia kwenye sahani.

Ma Tezia akainuka, akaweka kilemba sawa, akaja mpaka mbele. Akainama kidogo, kiasi cha senti hamsini, si zaidi. Kisha akaanzisha wimbo, nasi tukaitikia.