Wifi na Pampu ya Vipande Ishirini

Wifi yangu ni mbishi. Kaka yangu alionywa kabla ya kumwoa, akaziba masikio. Sasa akitumwa dukani anakwenda mbio. Lakini ubishi wake wa kiwandani nausimulia kwa fahari, na atakayesema nampendelea aseme tu.

Tunaunganisha pampu za maji, wanawake kumi na mmoja kwenye meza moja ndefu. Yeye ana miaka kumi na tisa pale, mimi tisa. Mwaka jana akaja mhandisi na mkono wa chuma, akaufunga sakafuni kwa bolti. Kabla mkono haujaanza kazi, kompyuta ilipaswa kutafuta mpangilio: kipande kipi kitangulie, kipi kifuate.

"Si vipande ishirini tu?" nilimuuliza.

"Ishirini tu, dada. Lakini ukijaribu kila mpangilio, mmoja kila sekunde, dunia itazeeka hujafika nusu."

Kwa hiyo akaipunguzia kompyuta mzigo kwa sharti moja: kipande kikishawekwa, hakitolewi tena. Siku ya tatu ikatoa jibu: pampu hii haiunganiki.

Meneja alilipokea jibu hilo kama wosia wa baba yake. Akatuita, akatangaza kwamba pampu ina kasoro na kitengo kitafungwa mwisho wa mwezi. Machozi yalinilenga. Kaka hakuwa na kazi, nyumba nzima ilitutegemea sisi mawifi wawili.

"Haiunganiki?" Wifi akasema. "Basi miaka kumi na tisa nilikuwa nasuka nywele hapa?"

Akavuta trei ya vipande. "Shika kifuniko," akaniambia. Nikashika. Akapitisha shafti, kile chuma kirefu kinachozunguka, ili mpira wa kuzuia maji ukae katikati, akaubana. Kisha akaichomoa shafti ile ile, akaingiza gurudumu, akairudisha.

"Umeitoa!" mhandisi akaruka.

"Nimeitoa. Kwani ilikula kiapo?"

Mhandisi akajishika kichwa. Nampa haki yake, alikiri mbele ya watu kwamba sharti lilikuwa lake na kosa ni lake. Ila bila sharti hilo, alisema, kompyuta itatafuta mpaka sote tustaafu. Afadhali huyu mama aufundishe mkono.

Meneja akatabasamu. "Vizuri. Mama, wewe utabaki. Utaifundisha mashine, nitakupa ofisi na kiti cha kuzunguka." Wengine hakututaja.

Nasema kweli, ningekuwa mimi ningeshakikalia hicho kiti.

Wifi akaweka spana chini. "Bosi, pampu hii imefungwa na mikono mingapi?"

"Miwili."

"Minne. Hukuangalia. Huyu aliyeshika kifuniko anaitwa nani?"

Meneja akanitazama, mara ya kwanza katika miaka tisa. Hakujua. Akamgeukia mhandisi, naye hakujua.

"Mpaka mtujue wote na mtuandike wote," Wifi akasema, "sifundishi mtu wala chuma."

Meneja akafungua daftari, akashika kalamu. "Haya, dada. Jina lako nani?"

Nikamtajia jina la mama anayekaa mwisho wa meza, karibu na mlango. Nikamtajia la anayemfuata.

"Nimeuliza lako," akasema.

"Langu ni la kumi na moja, bosi. Endelea kuandika."