Jaribio Lililopita Bila Kusubiri
Wakati wa vita, mama alikwenda kwa mtu wa foni, ile redio ya kupelekea habari, hapa Kindu. Alimwomba amwambie mjomba wetu wa Kampene asije, njia imeharibika. Yule mtu akaongea na mashine yake, akasema, "Imefika, Mama." Haikufika. Mjomba alitufikia pekupeku, askari wamemnyang'anya baiskeli na mzigo wote. Mama alimwosha miguu akinung'unika, "Angesema tu haikufika!"

Siku hizi naandika programu. Niliyojivunia zaidi ni ya simu: muuguzi wa kijijini anaagiza dawa, ombi linaingia bohari ya mjini. Kisha yaya, dada yangu mkubwa, muuguzi upande wa Kailo, akanipigia kwa hasira.

"Jana simu imeniandikia 'Ombi limetumwa'. Bohari hawakuona kitu. Rezo ilikuwa imekatika, simu haina mtandao!"

Nilimkumbuka mtu wa foni, nikaona aibu.

Nikafungua msimbo wangu wa JavaScript, nikaongeza mistari: mtandao ukikataa, simu iseme ukweli na itunze ombi. Halafu nikaandika jaribio la kuipima programu, lenye seva ya kuigiza, inayokata laini kila inapoitwa. Likatoa kijani, rangi ya kufaulu, papo hapo. Upesi ule ulinitia wasiwasi. Nikaifuta ile mistari mipya, nikaliendesha tena.

Kijani bado, wakati lilipaswa kushindwa!

Kumbe jaribio halikuwa linasubiri. Lilituma ombi, likajipa alama na kuondoka kabla kosa halijarudi. Nikaongeza neno moja, await, la kuliamuru lingoje jibu. Nyekundu! Niliruka kutoka kitini.

"Imeharibika, na wewe unacheka?" akauliza mwenzangu wa ofisini.

"Njo vile nilitaka! Sasa inaona kosa."

Nikairudisha mistari. Kijani, na safari hii cha kweli. Nikaiigiza seva inayochelewa, kisha inayojibu upuuzi mtupu. Zote programu ikazistahimili.

Mvua kubwa ilipokata tena rezo ya Kailo, nilikaa roho juu. Baadaye yaya akapiga, sauti imechangamka.

"Mdogo wangu, imeniambia, 'Ombi halijafika, limetunzwa hapa.' Rezo iliporudi, likaenda lenyewe. Dawa iko hapa mezani!"

Nilipiga vigelegele hadi mwenye duka la jirani akaja mbio kuuliza ni nani amezaa.