Cibalonza na Mugongo wa Ziwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Cibalonza amesimama ndani ya Ziwa Kivu, maji yakimfika mapajani, kitenge amekikunja juu na kukikaza kiunoni. Anasogea polepole, akipapasa chini kwa nyayo kama mtu anayetafuta kiti gizani. Mara anapanda kitu, na maji yanashuka hadi magotini. Anacheka peke yake.

"Iko hapa," anasema. "Ku Pasaka, pahali hapa maji ilikuwa inanifika ku kiuno. Sasa angalia. Inarudi."

Kinachorudi ni mchanga. Wakazi wa ghuba hii ndogo ya Bukavu wanauita mugongo: tuta refu lililolala chini ya maji, sambamba na ufuo. Ukiwa nchi kavu hulioni. Unaona tu mahali wimbi linapojikwaa na kuvunjika, kisha linafika ufukweni limeishiwa nguvu.

Cibalonza ni mbebaji. Mashua zinazotoka kisiwa cha Idjwi na maharage, ndizi na mananasi zikifika, yeye na wenzake ndio wanaoteremsha mizigo na kuipandisha hadi barabarani, ukanda wa mzigo umepita kwenye paji la uso. Jina lake la ubatizo ni Delphine. Siku hizi, tangu serikali ipige marufuku majina ya Kizungu, haliandikwi kwenye karatasi yoyote ya Zaïre, lakini hapa ziwani kila mtu anamwita Maman Delphine na hakuna anayeshtuka.

Ana watoto watano, na mume wake aliondoka kwenda kutafuta dhahabu Shabunda. Alituma salamu mara moja. Watoto wanakula kwa mgongo wa mama yao, basi.

Tusidanganyane: mugongo wa ziwa uliharibiwa na watu wa hapa hapa, tena kwa moyo mweupe. Hadi mwaka jana, 1976, mashua zilikuwa zinakwama juu yake kila kiangazi. Abiria walilazimika kushuka majini na viatu mkononi. Wabebaji walilowa kutwa nzima. Malalamiko yakafika kwa kiongozi wa mtaa, naye akatoa amri: Jumamosi ya Salongo, kazi ile ya pamoja ambayo hakuna raia anayeikwepa, tutafungulia mashua njia.

"Siye wabebaji ndiyo tuliomba," anasema Cibalonza. "Miye nilikuwa wa kwanza kuingia na jembe. Tulichimba na furaha, tunaimba. Ule muchanga tukaenda kujaza mashimo mu barabara. Jioni tukakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kumbe tulikuwa tunavunja mulango ya nyumba yetu."

Mwezi mmoja hivi mashua ziliingia hadi nchi kavu, raha mustarehe. Kisha zikaja mvua za Oktoba na upepo wa kutoka upande wa Idjwi. Wimbi lililozoea kuvunjikia nje likapita palipochimbwa, likaja moja kwa moja. Lilipiga ufuo, likarudi na mchanga, likaja tena. Dhoruba ya mchana mmoja iliacha mawe matupu na tope jeusi pale watoto walipokuwa wakicheza.

Mashua ya Papa Anaclet, kubwa kuliko zote zinazofika hapa, ilibamizwa kwenye mawe hayo na ubao wake mmoja ukapasuka. Magunia ya maharage yalilowa yakaanza kuota. Anaclet akahamia ufuo mwingine, wenye wabebaji wake, na wengine wakamfuata.

"Pale nilisikia uchungu," anasema Cibalonza. "Unaamuka asubuhi, unaangalia ziwa, haina mashua hata moja. Watoto wanakuuliza tutakula nini. Utawajibu tulichimba?"

Miezi ile ya kukaa bure ilimfundisha kutazama. Aliona kijito cha jirani kikishusha mchanga kutoka milimani kila mvua inaponyesha. Aliona wimbi kubwa likivuta mchanga na kuumwaga kule linakovunjikia, na vijiwimbi vya kiangazi vikiusukuma tena kidogo kidogo kuelekea ufukweni. Ziwa lilikuwa linajitengenezea tuta lake lenyewe. Lilichohitaji ni kuachwa.

Ndipo alipopanda mashua hadi Idjwi kumwona Anaclet nyumbani kwake. Alimpa neno moja tu: rudi, usiguse mawe, simama nje ya mugongo, sisi tutakufuata humo majini. Malipo yabaki yale yale.

"Nilifikiri anatania," anasema Anaclet. "Ni wao walikuwa wanalia juu ya kulowa. Lakini nikaona huyu maman hatanii, nikarudi."

Wabebaji wenzake Cibalonza hawakumpigia makofi. Rosalie, mbebaji wa miaka mingi, bado anamchokoza: "Delphine, ulituuza kwa samaki." Gunia la kilo mia mgongoni, maji kiunoni, mawe yanateleza, usiombe. Hata hivyo Rosalie anabeba, kwa sababu mashua nne sasa zinakuja tena, na mbele ya mawe umeonekana ukanda wa mchanga mpya unaotosha watu kupita wawili wawili.

Sasa ndipo penye shida. Kwa kuwa mugongo umerudi, mashua zinazojaribu kuuvuka zimeanza tena kugusa chini, na abiria wamerudia malalamiko. Kiongozi wa mtaa ametangaza kwamba Salongo ya Jumamosi hii itachimba tena.

"Ile mara tulipanua sana," anaeleza, mtu mpole asiyependa ugomvi. "Sasa itakuwa kamlango kadogo tu."

Cibalonza amekwenda kwake mara mbili. Amemwambia kwamba mlango mdogo, wimbi litaupanua lenyewe, na mvua za Septemba haziko mbali. Amejibiwa kwamba amri imekwisha kutoka. Asiyefika Salongo anatozwa faini, na faini hiyo ni chakula cha wiki nzima cha nyumba yake.

Je, atabaki nyumbani?

Anashuka kutoka kwenye tuta, anakamua pindo la kitenge, anaupandisha ukanda wake begani. Mashua ya kwanza imetokea kwa mbali, na Rosalie anamwita kutoka ufukweni.

"Nitakuja," anasema. "Tena mapema kuliko wote. Banasema Salongo ni mikono ya kila mutu. Yangu nitaleta, jembe nitaacha. Nitasimama hapa, juu ya mugongo, na Rosalie ameniambia atasimama pembeni yangu, hata kama ananitukana. Mwenye kutaka kuchimba, aanzie chini ya miguu yetu."