Mwongozo wa Yule Atakayebaki

Siku vita viliposhuka bonde la Ruzizi, watu wa Mutarule wakipita mbele ya nyumba yetu Kavimvira na magodoro kichwani, mdogo wangu Eliane alikuwa ameganda mbele ya kompyuta. Mpaka wa Burundi uko pale pale karibu, na ungeweza kufungwa wakati wowote. Mimi nilisimama mlangoni na mafurushi, damu ikinichemka.

Ni yeye aliyetengeneza programu ya kituo cha afya, ile inayohesabu siku za dawa za wagonjwa wa kifua kikuu. Ndani ya programu, katikati ya amri za mashine, mtengenezaji huacha maelezo kwa ajili ya watu, mashine huyaruka. Kuna chombo kinachokusanya yale yenye alama ya nyota mbili na kutoa mwongozo mzima. Mwongozo huo ndio alitaka kumwachia Rémy, muuguzi aliyekataa kuondoka.

Ulitoka haraka, Kifaransa safi. Rémy, aliyekuwa amekuja nyumbani kuuchukua, akausoma kwenye kioo cha kompyuta akiwa amesimama.

“Iko muzuri, Eliane. Lakini courant ikikatika, tarehe ikirudia nyuma, minye nafanya nini?”

Hakukuwa na neno juu ya umeme kukatika wala tarehe. Eliane alishika kichwa. Tangu shule ya msingi tulifundishwa kwamba Kifaransa ni cha karatasi na Kiswahili ni cha mdomo. Basi maelezo ya kuwapendeza wafadhili aliyaandika kwa Kifaransa na kuyatia alama. Ukweli wa kazi, yaani betri mbovu, tarehe inayorudi nyuma, dozi inayoanza upya kana kwamba mgonjwa hajameza kitu, aliuandika kwa Kiswahili chetu bila alama, akijigombeza na kujitukana mwenyewe. Chombo kiliuacha wote.

“Nilisikiaga haya, yaya Rémy,” alisema kwa aibu, akimwita kaka kwa heshima.

“Tutakufa juu ya haya yako!” nilipayuka. Risasi zilikuwa zimeanza kusikika.

Eliane akarudi mwanzo, akatia alama moja baada ya nyingine, vidole vikikosea, na kila onyo akalielekeza kwa jina: Rémy, angalia tarehe kwanza. Rémy, usitoe dawa kabla hujaisahihisha. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Saa hiyo nilimchukia, nasema kweli.

Mwongozo ukatoka upya, mrefu, na matusi yake yote ndani. Rémy alicheka kidogo, halafu akagusa jina lake kwenye kioo.

“Toa jina yangu.”

“Juu ya nini?” Eliane aliuliza sababu.

“Pengine kesho minye siko hapa. Andika tu: weye mwenye unasoma.”

Eliane aliliondoa jina la Rémy kila mahali na kuweka maneno hayo, akilia waziwazi. Niliweka mafurushi chini, na sikumharakisha tena.